Milioni Moja na Jina la Mkwe

Jambo zima liligharimu shilingi milioni moja na elfu thelathini na nane na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Ile milioni hatukuwahi kuitia machoni, kwa hiyo wapo watakaosema haihesabiki. Mimi naihesabu, kwa sababu ililiwa kabla haijafika. Hizo elfu thelathini na nane na mia tano ni nauli, nakala, picha na muhuri, yaani gharama za kuifuata. Ipo na gharama nyingine isiyo na tarakimu. Hiyo nitaifikia, msinikimbize.

Nawaandikia ninyi mnaofungua vibanda vya uwakala, mnaokaa na mashine ya benki mkono wa kulia na simu nne mkono wa kushoto. Kibanda changu cha Msasani, hapa Tukuyu, nimekifunga. Macho hayaoni tena uzi wa noti mpaka niipeleke juani, na jua la Tukuyu mnalijua, hutoka kwa miadi. Wakala asiyeona uzi wa noti ni mfadhili wa matapeli. Nikaitoa floti yangu yote, mtaji wa kuzungushia miamala, nikairudisha mashine, nikabaki na kiti. Watu bado wanapita kuniuliza mambo ya makato, na mimi bado najibu, bure, jambo ambalo marehemu Bi Hadija angenicheka nalo.

Bi Hadija alikuwa muuza vitenge. Nilianza kazi kwenye meza yake kabla benki hazijajua kwamba Msasani ipo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili. Si kurudia, alikuwa akisema. Kurudia ni kujidanganya upya. Mara ya kwanza hesabu kutoka juu ukitazama sura ya noti. Mara ya pili hesabu kutoka chini ukiipapasa kwa kidole gumba. Macho yana kosa lao na vidole vina kosa lao, na ni nadra makosa hayo mawili kukutana kwenye noti moja. Kuna siku nilihesabu mara moja tu, mvua inanyesha, na mteja ni kijana mmoja mwenye haraka na salamu nyingi. Jioni tukawa na pungufu ya elfu sabini. Bi Hadija hakunifokea. Alinikata mshahara kidogo kidogo mpaka ikaisha, na kila akinikata alihesabu mbele yangu, kwa macho kisha kwa vidole. Tangu hapo mteja akinisalimia sana namwambia akae kwanza.

Jambo jingine la kazi: kabla hujabonyeza kuthibitisha, soma jina la mpokeaji kwa sauti. Siyo namba, jina. Watu huhakiki namba hadi jasho linawatoka, halafu jina wanalipita kama mtu wa mbali. Pesa ikienda kwa asiye mwenyewe utamfahamu kwa jina, na huyo utambembeleza kwa wiki nzima akikwambia amelala.

Sasa tuje kwenye mabenki. Kuna miaka ambayo mabenki yalitupenda sana. Yalikuja sokoni moja baada ya jingine, vijana wenye fulana mpya na vishikwambi mkononi, wanafungulia watu akaunti hapo hapo kati ya mafungu ya nyanya. Sisi hatukuyaita kwa majina yake, tuliyaita kwa zawadi. Kulikuwa na benki ya mwavuli, benki ya kikombe na benki ya kalenda. Mimi nilikuwa wakala wa zote tatu, kwa hiyo kina mama waliniuliza mimi: Mama Salma, ipi?

Nilikuwa nawajibu kwa ndizi. Karatasi ya makato ukimsomea mtu anaitikia kwa adabu tu, lakini ndizi anaziona zinavyopungua. Naweka chane nzima juu ya meza, nasema hii ndiyo pesa yako. Benki ya mwavuli haina makato ya mwezi. Sigusi kitu. Lakini ukitoa pesa inakula, naondoa ndizi. Ukiuliza salio inakula, naondoa nyingine. Ukituma kwenda kwenye simu ya mwanao, inakula mbili. Ukitaka karatasi ya kuonyesha imekula nini, inakula tena.

"Sasa hii ni benki au ni ngedere?" akauliza siku moja Mama Tusa, muuza ndizi wa pale sokoni, na wote wakacheka.

Nikaenda benki ya kikombe. Hiyo ilikuwa na maneno matamu: lipa kwa kadi, sehemu ya pesa yako inarudi. Mama Tusa akataka kujua alipe kwa kadi wapi, maana muuza chumvi wa kijijini kwao Masukulu hana hata droo, sembuse mashine. Nikawaambia niliyokuwa nayajua: kituo kimoja cha mafuta, na duka kubwa lililopo Mbeya. Tukapiga hesabu. Ukinunua vitu vya elfu hamsini Mbeya, inarudi elfu moja. Nauli ya kwenda na kurudi inakula elfu moja kama hizo kadhaa, bado hujala mchana. Nikasema, hii benki pesa inarudi kweli, tatizo ni wewe kurudi. Na kikombe chenyewe kilikuwa chepesi, chai ya moto ilikipasua.

Benki ya kalenda ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Ilikata elfu moja kila mwezi, uwe umeigusa au hujaigusa. Lakini ilikuwa na kitu walichokiita mkono wa pole. Mwenye akaunti akifariki, familia inapewa milioni mbili. Akifariki mume au mke wa mwenye akaunti, milioni moja. Nikaondoa ndizi moja moja za kila mwezi, nikazipanga pembeni, halafu mwisho wa safu nikaweka mkungu mzima.

Hapo hakuna aliyecheka. Mnajua msiba wa Rungwe. Ndugu wanatoka Kyela, wanatoka Mbozi, wanakaa, na waliokaa lazima wale. Kumzika mtu bila ng'ombe inawezekana, wapo waliofanya hivyo, na mpaka leo wanatajwa. Mama Tusa akazitazama zile ndizi za pembeni, akauangalia mkungu, akasema bei ya sanduku anaijua, na hii ni nafuu. Niwaambie kabla hamjaniuliza: kwa kila akaunti iliyofunguliwa mimi nilipata elfu mbili. Masharti yake niliyasoma mara mbili hata hivyo, na niliwasomea: nyaraka ziwe kamili, dai lifike kabla ya siku tisini tangu kifo.

Huyu Mama Tusa alikuwa akishuka sokoni na ndizi na maparachichi kutoka Masukulu. Mume wake aliitwa Gwamaka. Walijenga kwenye boma la baba yake Gwamaka, mzee ambaye enzi zake alisimamia wachumaji kwenye mashamba ya chai, na tangu wakati huo watu wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Mzee Nyapara. Jina lake halisi ni Ambokile.

Mimi naliandika hivi bila shida. Mama Tusa asingeweza. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa kwa utaratibu wa zamani hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani na kungoja apite. Wenyewe wanaita ukutila, kuogopa, ila si woga wa fimbo. Ni heshima iliyojengewa uzio. Mabinti wa siku hizi wanapiga picha na baba wakwe zao wakiwa wamewashika bega, na mbingu hazijaanguka. Sisi Waislamu wa Msasani mkwe tunamwamkia na kumtilia chai. Lakini mimi nimezaliwa hapa hapa. Nikimwona mwanamke wa makamo amejibanza migombani najua kuna mzee njiani, nami napita kimya.

Boma lile lilikuwa na mpangilio wake. Mama Tusa ndiye aliyempikia mzee, kwa kuwa mama mkwe alishafariki. Akipika alikiweka chakula kwenye jiwe lililo karibu na mlango wa mzee, anakohoa mara moja, anaondoka. Mzee akisikia kikohozi anatoka, anakuta chakula, anakula. Miaka yote hiyo hawakuwahi kusemeshana, na sijawahi kuona watu wawili wanaojuana hivyo. Mama Tusa alijua mzee akilala vibaya kwa namna alivyoacha ugali.

Na likitokea jambo la kutaja jina, kwa mfano kwenye kadi ya zahanati au kuandikisha mtoto shule, Gwamaka alimtajia. Gwamaka asipokuwepo, humgusa mwanamke wa pembeni kwa kiwiko, naye anataja. Ndivyo inavyofanyika, na hakuna anayeshangaa.

Siku ya kufunguliwa akaunti, kijana wa benki alimwuliza majina matatu ya mume. Akasema la kwanza. Akasema la ukoo. Kijana akataka la katikati, la baba yake. Mvua ilikuwa imeanza, majirani wote wamekimbilia kufunika bidhaa zao, mimi nina mteja namhesabia. Hakukuwa na wa kumgusa kwa kiwiko. Kijana akasema mama, kuna foleni. Mama Tusa akasema, "Nyapara." Kijana akaandika Nyapara. Si uongo, ungemuuliza mtu yeyote wa Masukulu angekujibu vile vile. Akapewa kalenda yake, akaenda nayo, akaitundika ukutani juu ya kitanda.

Gwamaka alianguka kutoka kwenye mparachichi. Gari la wanunuzi lilikuwa linangoja barabarani, tawi limelowa, na yeye alitaka kumalizia tenga moja. Walimpeleka Mbeya, akakaa siku chache bila kusema, akarudishwa ndani ya sanduku. Nilipofika msibani Masukulu, matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu na watu walikuwa wamejaa hadi migombani. Mama Tusa alikuwa ndani, chini kwenye mikeka, amezungukwa na wanawake. Mzee Nyapara alikuwa nje upande wa pili wa nyumba, kwenye kigoda. Mtu na mkwewe wamefiwa na mtu mmoja, na kati yao ukuta. Wala hapo sikuona ajabu.

Mama Tusa akamtuma mtu aniulize kama ile pesa ya kalenda ni ya kweli. Nikajibu ni ya kweli. Basi nikatumwa kwa Bosco.

Bosco ni mchinjaji wa Msasani na ana ng'ombe wa kuuza muda wote, hasa kwa watu wenye shida. Nikamweleza mkono wa pole ulivyo, nikamwambia masharti nimeyasoma mara mbili, milioni moja itakuja, achukue yake humo. Akaniuliza mimi naweka nini. Nikasema naweka neno langu.

"Mama Salma, nakuheshimu," akasema Bosco. "Ila neno lako halina pembe."

Nikapatana naye karibu saa nzima. Nilishusha bei ya ng'ombe kwa elfu themanini, nikajiona mjanja. Lakini kuhusu dhamana hakusogea. Ilibidi Mama Tusa aweke ng'ombe wake wa maziwa. Pesa ya benki ikifika, Bosco analipwa. Isipofika, anakuja na kamba. Kwa hiyo milioni ile ikaanza kuliwa. Ng'ombe, sanduku, gari la kutoka Mbeya, mchele. Gwamaka alizikwa vizuri. Hakuna atakayemtaja vibaya. Na yule ng'ombe wa maziwa, mjue, ndiye aliyekuwa analipa bweni la Tusa, binti wao pekee, aliyekuwa kidato cha tatu.

Nyaraka tulizipeleka mapema. Cheti cha kifo, barua ya mtendaji, cheti cha ndoa cha kanisani, nakala za kitambulisho, kila kitu. Tukangoja wiki, zikaongezeka. Siku tuliyoitwa nilienda mimi, Mama Tusa alikuwa bado hajaanza kutoka. Alinipokea binti mmoja mwenye adabu nzuri, akaniamkia, akanipa kiti.

"Mama, mume wa mteja wetu kwenye mfumo ni Gwamaka Nyapara," akasema. "Huyu aliyefariki ni Gwamaka Ambokile. Poleni sana, lakini kwa mfumo wetu Gwamaka Nyapara yuko hai."

"Basi mfumo umwambie aje alipe ng'ombe," nikasema.

Hakucheka, na sikumlaumu. Akanieleza dawa yake. Mteja mwenyewe aende mahakamani, ale kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, kiapo kigongwe muhuri, kiletwe. Nikatoka pale nimefurahi. Bei ya muhuri niliifahamu. Katika maisha yangu nimelipa vitu vikubwa zaidi kwa mambo madogo zaidi.

Nilipofika Masukulu na kumweleza, Mama Tusa alikuwa anamenya ndizi. Akauliza huko mahakamani atasema nini. Nikamwambia atasema mume wake ni mtoto wa fulani, basi. Akakiweka kisu chini.

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo wako."

"Siwezi, Mama Salma."

Hapo nikafanya kazi niijuayo, kupatana. Nilirudi benki nikauliza kama Tusa anaweza kuapa kwa niaba ya mama yake. Hapana, mteja mwenyewe. Mdogo wake Gwamaka? Mteja mwenyewe. Nikaenda kwa mtendaji, akaandika barua nzuri yenye muhuri wa duara inayosema kijiji kizima kinajua Nyapara ni nani. Benki wakaisoma, wakaisifu, wakairudisha. Mchungaji akaenda kumtembelea, akamwambia hakuna dhambi yoyote katika kulitaja jina la mtu. Mama Tusa akamjibu kwa upole kwamba yeye hajasema ni dhambi. Siku zilikuwa zinakwenda, na mimi nilikuwa nazihesabu kwenye kalenda yao wenyewe.

Asubuhi moja Mzee Nyapara akaja kibandani kwangu. Ameshuka kutoka Masukulu kwa pikipiki, mzee wa zaidi ya miaka themanini, koti limelowa. Akakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Shikamoo."

"Nasikia jina langu linatafutwa kwa milioni."

"Ndivyo, mzee."

"Nimekaa nalo umri wote huu, hakuna aliyewahi kulipa hata bei ya kuku. Ningejua ningeliuza nikiwa na nguvu." Akafuta fimbo kwa kiganja. "Mwambie ataje. Nimemruhusu. Mwambie hata akilipigia kelele sokoni, mimi sikio moja halisikii."

Nikamwambia, mzee, wewe unakaa naye boma moja, si umwambie mwenyewe, hata kwa nyuma ya ukuta. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Nikisema naye, tutakuwa tumevunja wawili badala ya mmoja."

Ujumbe niliufikisha kama ulivyo. Mama Tusa alisikiliza mpaka mwisho, akasema ruhusa ya mzee anaishukuru sana. Halafu akasema, "Lakini yeye alipewa jina, mimi nilipewa kulinyamazia. Ruhusa yake inatoka kwenye cha kwake. Aliyekuwa ananitajia ndiye tuliyemzika."

Mimi hujibu watu wanaoshusha bei, yeye hakuwa anashusha.

Kilichombadilisha si mimi, wala mchungaji, wala mzee. Bosco alikuja Masukulu na kamba. Hakuja kuchukua, alisema, amekuja kupima tu. Akamzunguka ng'ombe, akambinya nundu, akaangalia meno. Tusa alikuwa likizo. Alisimama mlangoni pa zizi na ndoo ya maziwa mkononi, hakumpisha. Bosco akasubiri, kisha akaondoka, akaacha kamba imening'inia kwenye mti wa zizi. Kesho yake mapema Mama Tusa akaja kibandani, amevaa kitenge chake cha kanisani, akasema twende.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa imejaa. Mvua ya siku hiyo ilikuwa ile yetu yenyewe, ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Tulisubiri kwenye benchi la ukumbini hadi tukaitwa. Karani alikuwa kijana mpole, mbele yake kompyuta. Mama Tusa akashika Biblia. Karani akamuuliza jina lake, akajibu. Jina la mume, akajibu. Baba yake mume anaitwa nani?

"Ambokile," nikasema mimi.

"Sikuulizi wewe, mama. Anaapa yeye."

Mama Tusa akageuza uso upande wa dirisha, kulikokuwa na migomba inapigwa na mvua. Nadhani ni mazoea, alikuwa anatafuta pa kujibanza. Midomo yake ikasogea.

"Sijasikia, mama, mvua," karani akasema. "Rudia."

Akarudia. Safari hii alilitoa kwa sauti, lote, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nyuma yetu kulikuwa na bibi mmoja mzee anangoja shauri lake. Nilimwona akivuta kitenge chake na kujifunika uso.

Alilitaja mara mbili. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, ningelipa kama angehesabiwa moja.

Tulipotoka, alisimama chini ya bati linalotiririsha, akakinga maji kwa mikono, akasukutua, akatema. Akakinga tena. Nilimngoja na muhuri wetu ndani ya mfuko wa nailoni.

Benki tulikuta binti yule yule. Akakisoma kiapo, akasema kimekaa vizuri kabisa. Kisha akaangalia kwenye mashine yake, akaangalia tena, na mimi nikajua. Mtu anayeangalia mara mbili bila kugusa noti anatafuta namna ya kusema.

"Siku tisini zimepita, mama."

Nikamwambia dai tulilileta mapema, anayo tarehe. Akasema la kwanza lilikataliwa kwa majina, hili linahesabika jipya. Nikaomba meneja. Meneja akaja, akasema maneno yale yale kwa sauti nene zaidi. Nilipatana, jamani. Niliomba nusu. Niliomba robo. Niliomba warudishe angalau ile elfu moja ya kila mwezi waliyokata kwa ajili ya mume wanayesema hawamjui. Hiyo wakasema ni ada ya huduma. Mlangoni mlinzi alitupatia kalenda za mwaka mpya, kila mtu yake. Mama Tusa akaikunja ya kwake vizuri, akaitia kikapuni. Mimi yangu niliiacha kwenye ngazi.

Bosco alikuja akachukua. Kamba aliikuta pale pale alipoiacha. Tusa hakurudi bweni. Siku za soko mtamwona kwenye meza ya mama yake, na anahesabu chenji vizuri, nimemwonyesha ile ya macho na ya vidole.

Lakini hilo la ng'ombe silo linalonifanya niandike. Ng'ombe hununuliwa. Tangu siku ya mahakamani Mama Tusa hajapeleka chakula kwenye lile jiwe. Anasema mdomo na mkono ni vya mtu mmoja. Chakula anampa jirani apeleke, na mzee anakirudisha. Anajichemshia ndizi mwenyewe, anaziunguza, anasema za kuungua hazina gesi. Amekonda hadi koti linamkaa kama la kuazima. Nilipomtembelea juzi alinikaribisha, akaniuliza habari za Msasani, na muda wote sikio lake lile linalosikia lilikuwa limeelekezwa mlangoni.

"Mwanangu," akasema tulipoagana, "hata kukohoa, siku hizi hakohoi."

Kwa hiyo, ninyi wa vibanda na vishikwambi, kwanza hili, na hamtalikuta kwenye semina: ukimwandikisha mama wa makamo akanyamaza kwenye jina, usimwambie kuna foleni. Muulize nani amtajie. Ni kazi ya dakika moja.

La pili si fundisho, ni ombi. Zamani lilikuwapo jambo lililofanywa mke wa mtoto akiteleza ulimi akalitaja jina, ili arudi kupika na mkwe arudi kula. Nina hakika lilikuwapo, kwa sababu ndimi ziliteleza hata zamani. Lakini mabibi waliolijua wamelala makaburini. Nimeuliza Masukulu, nimeuliza Lufingo. Mmoja anasema ni kuku, mwingine anasema ni kitu cha kunywa pamoja bila kutazamana, mwingine ati mzee ndiye anayetoa zawadi. Bosco anasema ni ng'ombe, lakini Bosco kila jambo anasema ni ng'ombe.

Kama bibi yako bado yupo na kumbukumbu zake hazijachoka, muulize leo. Akikujibu, njoo Msasani, ulizia Mama Salma aliyekuwa wakala, unieleze hatua kwa hatua, na mara ya pili unieleze kutoka mwisho kuja mwanzo. Nauli ya kuja nitakulipa mimi. Ya kurudi tutapatana.